Uwanja wa Wageni

Habari tuliipata kwenye mkutano wa mtaa, hapa Mwankoko. Mwenyekiti alisimama juu ya benchi ili walio nyuma wamwone. Alisema mashindano makubwa ya mpira ya Afrika yanakuja nchini. Mechi hazitachezwa Singida, lakini timu ya taifa mojawapo itapiga kambi mjini kwetu, na itafanyia mazoezi pale. Akanyoosha mkono kuelekea kiwanja cha vumbi nyuma ya nyumba yangu, wanakokatiza ng'ombe. Watu wakacheka, wakidhani anatania.

Mume wangu hakucheka. Ni dereva wa bodaboda, na jioni akikosa kuangalia mpira hata chakula hakipandi. Siku ile tulirudi nyumbani amenishika mkono, jambo ambalo hajawahi kulifanya njiani.

"Nitakaa hapa uani nakunywa chai huku nawaangalia," alisema. "Wachezaji ninaowaona kwenye televisheni."

Mama mkwe, tunayeishi naye, alikuwa anapepeta uwele. Alimsikiliza mwanawe mpaka mwisho, kisha akauliza, "Huo uwanja utapandwa nyasi?"

"Nyasi za kweli, mama."

"Zitakunywa nini?"

"Wakubwa wana mipango yao."

Mama akaendelea kupepeta, lakini nilimwona akiangalia upande wa kisima. Kisima kile alikichimba marehemu mume wake na ndugu zake, wakakijengea kwa mawe kutoka chini hadi juu. Maji yake yana chumvichumvi kidogo, kama mengi ya huku kwetu, lakini hayakuwahi kukauka. Jirani zetu wote walichota hapo.

Kazi ilianza haraka kuliko tulivyotegemea. Kiwanja kilizungushiwa mabati marefu, geti likawekewa mlinzi, na njia ya ng'ombe ikafungwa. Halafu ukaja mtambo wa kuchimba kisima kirefu. Ulinguruma siku kadhaa ukitema tope jeupe, kisha ukaondoka, na baada yake tukaanza kuusikia mlio wa pampu. Mimi ni fundi cherehani, nafanyia kazi sebuleni. Nikinyamazisha cherehani yangu nilihisi sakafu ikitetema chini ya nyayo, kidogo sana, kama mtu anayetetemeka kwa baridi.

Nyasi ziliota katikati ya kiangazi. Alizeti zilikuwa zimeshavunwa, mashamba yamebaki mabua, upepo unabeba udongo hadi ndani ya masufuria, na nyuma ya mabati kuna kijani kinachoumiza macho. Ndege wasioonekana huku msimu ule walikuja kutua pale. Mume wangu alikuwa akipanda juu ya pikipiki yake, anachungulia kwa muda mrefu, anashuka anatabasamu. Ndipo kamba ya kisima ikawa fupi.

Mama ndiye aliyeniita. Aliteremsha ndoo mbele yangu hadi kamba ikaisha mkononi, ndoo ikabaki inaning'inia hewani. Tuliunga kipande cha kamba. Haikupita muda mrefu tukaunga kingine. Maji yaliyopanda yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na chumvi yake ikazidi. Nguo nilizofua zilikauka zikiwa na alama nyeupe.

Nilikwenda na mama kwa mwenyekiti. Baada ya kumwamkia mama shikamoo na kutupa viti, alitusikiliza bila kututazama usoni.

"Mwaka huu mvua zilikuwa chache," alisema.

"Nimeona miaka mibaya kuliko huu," mama akamjibu. "Kisima hakikushuka."

"Mama yangu, nikiwaambia wazime pampu, nyasi zitakufa na wageni hawatakuja. Mtaa mzima utanilaumu mimi."

Ni kweli wangemlaumu. Vijana walikuwa wameshapaka rangi vibanda vyao, na wanawake wenzangu walikuwa wananiletea vitambaa niwashonee bendera. Tukiwa njiani kurudi, mama alizungumza peke yake kwa Kinyaturu, taratibu, kama anavyofanya akimkumbuka mume wake.

Mume wangu aliamua kushuka kukichimba kisima kiende chini zaidi. Nilimwomba atafute fundi wa visima. Akasema mafundi wote wamechukuliwa na visima vya watu wengine, kwa sababu si cha kwetu peke yake kilichoshuka. Alijifunga kamba kiunoni asubuhi, jirani wanne wakashika upande wa pili. Mama alisimama mbali, karibu na zizi letu la ng'ombe, amejifunika kanga hadi mdomoni.

Kwa muda kazi ilikwenda vizuri. Tulivuta ndoo za mchanga, yeye akituambia kutoka chini kwamba maji yameanza kumfika vifundoni. Kisha nyuma ya mabati pampu ikawaka. Sisemi pampu ndiyo iliyofanya. Ninasema tu niliyoyasikia: mlio wa pampu, halafu jiwe moja likigonga maji, halafu mume wangu akisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nivuteni."

Walivuta. Mawe yakaanza kudondoka upande mmoja, kwa mfululizo, na vumbi likapanda hadi tukashindwa kuona mdomo wa kisima. Kamba ilikwama. Mmoja wa jirani alipiga magoti akaning'inia nusu mwili, wengine wamemshika miguu, na sijui alimnasuaje. Mume wangu alipotokeza alikuwa mweupe kwa vumbi kama aliyepakwa unga, na mguu wake wa kulia umegeukia kusikotakiwa.

Alitibiwa hospitali ya mjini, akarudi na mguu uliofungwa plasta hadi pajani. Madaktari walisema atatembea, ila pikipiki asahau kwa sasa. Tulifunika kisima kwa bati, tukaweka matawi ya miiba juu yake. Maji tunachukua bombani, mbali, kwenye foleni ya ndoo inayoanzia barabarani.

Mwenyekiti alikuja kumpa pole. Alikaa kidogo, akamsifu mgonjwa kwa ujasiri, kisha akasema alichojia: wakaguzi wa mashindano watapita wiki hiyo, na ameombwa ndoo zisionekane barabarani. Mama aliinuka akaingia chumbani kwake. Kesho yake alifunga nguo zake akaenda kwa binti yake aliyeolewa Kinampanda, na hajasema lini atarudi.

Wakaguzi wamepita. Nasikia wameridhika, isipokuwa wametaka uwanja wa pili mdogo kando ya ule mkubwa. Juzi mtambo wa kuchimba umerudi. Mume wangu aliusikia kutoka kitandani kabla yangu, akaniuliza wanaufunga wapi. Nikatoka nje kuangalia. Watu wawili walikuwa wanapigilia vigingi kwenye kipande kilicho kati ya mabati na ukuta wetu, karibu kabisa na zizi letu, lililobaki tupu tangu njia ya ng'ombe ifungwe.

"Wapi?" akaniuliza tena nilipoingia.

"Upande wetu," nikamwambia.

Akageuza uso ukutani. Sakafu ilikuwa imeshaanza kutetema.