Uji wa Vikombe Vitatu

Uji ule ulinigharimu mtoto, mwanangu, na bei hiyo haikuzungumzika. Mimi huyu, ambaye wachuuzi wa soko la Kivinje walikuwa wakirekebisha mizani wakiniona tu natokea.

Nakumbuka siku za mavuno ya ufuta, nikiwa bado kijana, shamba letu liko Kikole. Magunia sita yalisimama chumbani. Niliyahesabu asubuhi, nikayahesabu tena jioni, kana kwamba yangezaa. Mwanahawa, binti yetu wa kwanza, alikuwa na mwaka na miezi mitatu. Unga wa muhogo ulikuwa unakwisha, nikamwambia mke wangu Zainabu, "Konzi moja kwa sufuria nzima. Ongeza maji. Haba na haba hujaza kibaba."

Kibaba kilijaa kweli. Mtoto alikunywa vikombe vitatu kwa siku, nikavihesabu vyote. Zainabu aliniomba ufuta kidogo autwange, amtilie mtoto.

"Ule wa kuuza," nikamjibu. "Yeye ana vikombe vitatu, mimi baba yake nina viwili!"

Tena miguu na mashavu yake vilianza kujaa. Nikawaambia majirani, mwoneni, ananenepa.

Ndipo mama mkwe akaja kutoka Tingi. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba huku amempakata mjukuu. Alimbonyeza mguu kwa kidole gumba, shimo likabaki: haukuwa unono, ulikuwa uvimbe wa njaa. Kwetu mama mkwe hamkaripii mkwewe usoni, basi akaigeukia sufuria.

"Wewe sufuria, tumbo la mtoto ni kama ngumi yake. Umelijaza nini?"

Akamimina humo vikombe vitatu vya uji, akachochea kuni. Maji yakaondoka na mvuke, yakaondoka, hata ukabaki utando chini. Akaukwangua. Haukufika vijiko vinne.

"Sufuria, mwambie mwenye nyumba: hiki ndicho anachokula mtoto kutwa. Kilichobaki ni maji ya kisima."

Akafungua gunia bila kuniomba, akakaanga ufuta, akautwanga mpaka ukatoa mafuta, akapikia uji mzito. Niliiona konzi ile ikitoka guniani na, Mungu anisamehe, niliihesabu.

Mwanahawa alilamba uji ule mzito siku tatu. Siku ya nne akaanza kuhara. Tulimkimbiza zahanati kwa baiskeli. Mganga akasema njaa ilikwisha kuumaliza mwili, hauna akiba hata kidogo ya kupigana na ugonjwa. Hakufika jioni. Tuliporudi kutoka kuzika, magunia yalikuwa palepale. Sikuyahesabu.

Siku hizi wauguzi wa kliniki wana neno lake, kalori: kipimo cha nguvu iliyomo ndani ya chakula. Neno jipya, jambo la kale, na maji hayana hata moja. Kwa hiyo, mwanangu, usipime kikombe, pima kilichomo. Uji wa mtoto uwe mzito, ugande kwenye kijiko. Ufuta ukaange kisha uutwange, maana ukiwa mzima hupita tumboni kama abiria asiyelipa nauli. Na wewe mwenye kitambi hapo nyuma, usicheke, hesabu hiyohiyo inakuhusu: muhogo wa kuchemsha na wa kukaanga si ndugu. Mafuta yaliyopungua kwenye karai hayakutoroka, uliyala wewe. Na cha kuuza kisitoke nyumbani kabla mtoto hajala. Mimi niliona naokoa unga. Cha rahisi ghali.

Mungu awape watoto wazito, wa kuwachosha mikono.

Zainabu nimezeeka naye. Kila asubuhi hupika uji mpaka mwiko unasimama wenyewe, akaniwekea mbele. Hajanilaumu hata siku moja, na mimi, kwa maneno yangu yote ya sokoni, sijawahi kumwomba radhi. Nishauri, mwanangu: nianzie neno gani?