Msiba wa Doto wa Mkonge

Jamani, hii aibu nimeificha miaka, nikiisimulia masikio yanawaka moto, lakini nyie si wageni, chekeni tu. Ilikuwa miaka ile ya tisini kompyuta zinaingia Mwanza, tunavua viatu mlangoni kabla ya kuzigusa (na soksi zangu zina matundu!), raha tupu, nami nikajiunga na darasa la Mwalimu Neema la kutafuta historia kwenye diski yenye picha za nyaraka za kikoloni. Wenzangu walitafuta machifu. Mimi nilimtafuta Doto, baba yake Bibi, aliyekwenda Tanga kukata mkonge Bibi akiwa tumboni, asirudi. Bibi alitaka kitu kimoja tu kabla hajafa: kumlilia baba yake.

Siku ya tatu nikampata. "Doto, Msukuma, amefia kambi ya mkonge, Tanga."

Mwalimu akaniambia, "Fungua ukurasa wa pili, halafu linganisha na waraka mwingine."

Weee! Ukurasa mmoja ulichukua muda wa kuivisha maharage, nami kwa kimbelembele changu nishavaa viatu, mbio mpaka Mabatini kumpasha Bibi habari.

Bibi akanyoa nywele, ukoo ukaja kutoka Magu mpaka Sengerema, mjomba akachinja mbuzi wake, na mimi nimesimama mbele ya watu nasimulia kama profesa. Mwalimu Neema akaja kutoa pole, akanikabidhi ule ukurasa wa pili, amenichapishia. Nikausoma kwa mbwembwe, bila kuupitia kwanza: "Taarifa apewe kaka yake pacha, Kulwa, mkata mkonge wa kambi hiyo hiyo."

Bibi akajishika kichwa kilichonyolewa.

"Kaka? Kulwa pacha wa baba ni shangazi yangu! Ndiye aliyenilea, Tanga hakuijua."

Mungu wangu! Kwetu Usukumani mapacha wote, wa kike kwa wa kiume, wa kwanza ni Kulwa na wa pili ni Doto, mwenyewe nimesoma na akina Doto wanne, sasa akili niliiacha wapi?

Mjomba akafoka, "Na mbuzi wangu anafufuka vipi?" Nikatamani ardhi ipasuke.

"Kaeni mle nyama," Bibi akasema. "Huyu naye ni baba wa mtu. Huenda hakuliliwa." Akaanza kulia upya, nami nikalia naye.

Bibi ametangulia. Siku hizi nyaraka zinafunguka kufumba na kufumbua, nami nimeapa, nikikutana na Doto yeyote namuuliza kwanza pacha wake ni nani. Wa Bibi bado sijampata.