Udi wa Ami na Filimbi Yangu

"Sasa ukishanichukulia sauti ya juu, mimi umeniachia nini?"

Ami aliniuliza hivyo alasiri moja, tumekaa ukumbi wa nyuma wa nyumba yake pale Chumbageni, udi uko mapajani mwake na karatasi zangu zimewekewa spana juu ili zisipeperuke. Nilikuwa na miaka ishirini na nne, nimetoka chuo kikuu, na kukosa jibu kulikuwa kunaniuma kama jino bovu. Nikafanya nilichozoea kufanya, nikamrudishia swali.

"Kwani ami, nani kasema sauti ya chini si kitu?"

Akamgeukia mkewe, aliyekuwa anachambua mchele kwenye ungo. "Huyu kasomeshwa maswali tu. Majibu wamebaki nayo huko huko Dar."

Ami alikuwa kaka yake baba. Baba alipofariki nilikuwa darasa la nne, na yeye na mkewe, tuliyemwita Mama Mkubwa, ndio walionilea. Ujanani alifanya kazi kiwanda cha mkonge, njia ya Pongwe, kwenye mashine za kukwangua majani mpaka zibaki nyuzi. Jioni alikoga, akavaa kanzu na kwenda kupiga udi kwenye kikundi cha taarab. Nilipopata akili, kazi ya kiwandani alikuwa ameshaiacha, ni fundi baiskeli, na kikundi chenyewe kilikuwa kinakufa taratibu. Mwimbaji alihamia Mombasa, mpiga fidla akafariki, kibao kikang'olewa mlangoni. Udi ukabaki kwenye msumari chumbani, umevikwa foronya.

Chuoni nilisomea sosholojia, lakini kitu nilichokipenda kweli nilikiokota pembeni, nacho ni filimbi, ile ya chuma inayolazwa upande. Kulikuwa na mwalimu wa muziki aliyekubali kunifundisha baada ya vipindi, nadhani kwa sababu nilimchosha kwa kumuuliza kwa nini asinifundishe. Mwaka wa mwisho, nikitafuta kitu cha kupiga, nikakuta mtandaoni picha za karatasi za luti. Luti ni udi wa Wazungu. Tumbo ni lile lile la nusu boga, kichwa kimekunjwa nyuma vile vile, ila shingoni imefungwa vikamba vya kuonyesha mahali pa kuweka vidole, kama gitaa. Waliipiga sana zaidi ya miaka mia nne nyuma, kisha wakaiacha. Na muziki wake hawakuuandika kwa noti. Kila uzi ulichorewa mstari wake, na kwenye mstari wakaweka herufi. Herufi a, uache uzi wazi. Herufi b, bonyeza mahali pa kwanza. Herufi c, pa pili. Mtu asiyejua noti hata moja angeweza kuusoma.

Nilipoziona zile herufi niliwaza mtu mmoja tu.

"Udi waliupata wapi hawa?" ami aliuliza nilipomwonyesha kwenye simu.

"Kwa Waarabu. Ulipitia Hispania."

"Na wakaurudisha lini?"

"Leo, ami."

Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akainuka, akaingia chumbani, akatoka na foronya.

Mama Mkubwa alinivuta jikoni siku hiyo hiyo. "Tangu kikundi kife hajaushusha," aliniambia. "Umeushusha wewe. Usije ukaenda zako ukamwachia mkononi."

Nilijua anachosema. Nilikuwa nimeshapata kazi Mwanza, ya kuanza baada ya Idi. Nikamwahidi kwamba sitaondoka kabla mimi na ami hatujapiga wimbo mmoja mzima, wawili, mbele ya jamaa, Idi pili. Sijui kama niliahidi kwa ajili yake au kwa ajili yangu. Nilimtaka ami awe kama nilivyokuwa nikisimuliwa, yule wa kanzu na udi, ambaye mimi nilimkuta ameshakwisha.

Nyuzi tatu zilikuwa zimekatika. Ami akanituma Kigombe kununua mishipi ya kuvulia ya unene tofauti, na vipande vya mfano akanifungia kwenye kasha la kiberiti. Muuzaji akaniuliza naenda kuvua samaki gani. Nikamwambia wa Kizungu. Kidude cha kupigia ami alikikata mwenyewe kwenye dumu la mafuta ya kupikia, akakisugua kwa msasa mpaka kikalainika kama ulimi. Halafu akakaa, akasema bismillahi.

"Ami, nusu ya mtaa huu wanasema muziki haufai. Sasa bismillahi ya nini?"

"Ndiyo maana naisema," alijibu.

Tukaanza. Nilimnakilia zile herufi upya, kubwa, kwa makapeni, na yeye akawa anainama mpaka taya lake linagusa ubavu wa udi. Nilidhani ndivyo wazee wa taarab wanavyokaa. Wiki mbili za mwanzo wimbo ulikataa. Ulianza vizuri, ukafika katikati ukapinda, kila mara pale pale. Nilimwambia ajitahidi kuweka vidole sawasawa, kwa kuwa udi hauna vikamba vya kumwonyesha.

"Vidole viko sawa," alisema. "Uzi wa nne ndio unaodanganya."

"Karatasi inasema hivyo, ami."

"Basi huyu aliyeandika alikuwa mlevi. Sikiliza." Akapiga nyuzi za chini moja moja, taya kwenye ubao, macho kayafumba. "Tatu nzuri. Tano nzuri. Nne, nyumba inainama. Nusu sauti."

Nilibisha jioni nzima. Kesho yake nikasoma maelezo ambayo nilikuwa nimeyaruka, nikakuta kwamba nyuzi za luti zimepangwa karibu sawa na za udi wake, isipokuwa uzi mmoja. Ni ule wa nne, unaokazwa nusu sauti zaidi. Kwa kuwa luti ni mtoto wa udi, nilikuwa nimechukulia kwamba mtoto kafanana na mama kila kitu. Ami hakunisuta. Alikaza kigingi, akapiga wimbo, ukanyooka. Mama Mkubwa akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni. Ningeweza kumsikiliza ami mpaka leo kwa jinsi alivyopiga siku ile, peke yake, wimbo wote, juu na chini.

Hapo ndipo nilipoanza kuugawa.

Luti hupigwa na mtu mmoja, na vidole vyake vinabeba wimbo juu na mwendo wake chini kwa wakati mmoja. Kuufanya wa watu wawili ni kumpasua mtu huyo. Wimbo nikaupa filimbi. Kisha, kwa kuwa filimbi inang'aa zaidi ikienda juu, kuanzia sehemu ya pili nikaupandisha ngazi nzima, sauti nane, mpaka ukawa unaelea mbali kabisa na udi. Ami nikamwachia nyuzi nene na vipigo vichache vya kujaza katikati. Niliona fahari. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kutengeneza kitu badala ya kukikosoa. Ndipo akaniuliza lile swali la umeniachia nini, na mimi nikamrudishia langu.

Hakugombana. Alipiga alichopewa. Ila kila siku, tukifika sehemu ya pili, alikuwa na neno moja.

"Shusha."

"Nikishusha tutagongana, ami. Sauti yangu itaingia ndani ya yako."

"Tugongane. Kwani tuna ugomvi?"

"Haitasikika vizuri."

"Huko juu unakokwenda, unakwenda na nani?"

Nilichukia. Nilikuwa na nadharia tayari, maana niliilipia miaka mitatu ya ada, na nikaiandika kwenye daftari langu kwa hasira. Mwanamume aliyezoea kuongoza hawezi kumsindikiza mwanamke, hata awe mwana wa ndugu yake. Sikujiuliza kama ni kweli. Mimi niliyekuwa nauliza kila kitu.

Jambo la pili tulilobishania lilikuwa taksimu. Kwenye kikundi chao wimbo haukuanza hivi hivi. Udi ulitangulia peke yake, mpigaji akitembea polepole kwenye sauti za wimbo unaokuja, bila kuandikiwa, mpaka wenzake wapate pumzi moja. Nikamwambia kwenye karatasi hakuna. Akasema hata salamu haiandikwi kwenye karatasi. Tukaafikiana apige fupi. Alipomaliza aliinua uso na kunitazama, na aliendelea kunitazama wimbo mzima, kana kwamba ananihesabia vifungo.

"Ami, mbona unanikodolea macho hivyo?"

"Wewe unasoma karatasi. Mimi nakusoma wewe."

Tulikaa tukitazamana, goti kwa goti, alasiri baada ya alasiri, mwezi mzima wa Ramadhani, tukisubiri futari. Sitaki kuipamba. Kuna siku tulikuwa na njaa na tukajibizana vibaya. Lakini kulikuwa na siku nilivuta pumzi na yeye akaanguka na uzi mnene papo hapo, bila hesabu, na nikahisi kitu ambacho sijakihisi tena na mpigaji yeyote. Ilikuwa kama kuegemea ukuta usiouona na kuukuta upo.

Idi pili jamaa walijaa. Viti vilitoka nyumba tatu. Ami alivaa kanzu iliyopigwa pasi mara mbili, akakaa, akasema bismillahi, akapiga taksimu yake fupi. Alipoinua uso kunitafuta mbele yake, sikuwepo.

Nilikuwa nimesimama. Chuoni tulifundishwa kwamba mpiga filimbi husimama, mbele kidogo, na uso huwapa wasikilizaji. Hatukufanya mazoezi hivyo hata mara moja, na sikumwambia, kwa sababu lilionekana jambo dogo. Nilikuwa nimempa ami mgongo.

Sehemu ya kwanza ilikwenda. Ya pili, nilipopanda juu, nikasikia udi unachelewa, kisha unasubiri, kisha unaingia mahali ambapo mimi nilishapapita. Nikapiga kwa nguvu zaidi ili anifuate. Akakosea tena. Halafu akaweka kiganja juu ya nyuzi, kukawa kimya chini yangu. Nilimaliza peke yangu. Watu wakapiga makofi, wanawake wawili wakapiga vigelegele, na binamu mmoja akasema kwa sauti, "Mzee kasahau!"

"Uzee, mwanangu," ami alimjibu, akacheka. Udi ukarudi kwenye foronya kabla ya chai.

Niliamini ameniacha makusudi, kunifunza adabu. Nilimfuata ukumbini. "Ungeniambia tu kama hutaki."

"Nilitaka," alisema. Alinyoosha mkono, akanigusa bega, akaushikilia hapo kidogo.

Sikumuuliza zaidi. Idi tatu nikaondoka.

Kutoka Mwanza nilipiga simu kila Ijumaa. "Shikamoo ami." Kimya kidogo, kisha, "Marahaba, marahaba. Eeh. Eeh. Alhamdulillahi. Haya, mama yako huyu," na simu ikahamia kwa Mama Mkubwa. Nilidhani bado kanuna. Nami nikanuna. Tulikwenda hivyo mwaka na nusu, hadi masika moja nikapigiwa mimi. Nilifika Tanga siku ya pili, ameshazikwa tangu alasiri ya jana.

Bado naupiga ule wimbo. Chumba changu cha Mwanza kina dirisha linalotazama mawe, na nikifika sehemu ya pili huwa naacha nafasi pale uzi wa nne ulipokuwa unaingia. Nimejaribu na wapiga gitaa wawili. Wanasoma vizuri, wanahesabu vizuri, hakuna aliyenitazama. Kuna jioni najikuta nimeketi chini, kiti kingine kiko mbele yangu, na navuta pumzi kwa nguvu kuliko filimbi inavyohitaji, nikiinua mabega kama alivyonizoesha. Nasubiri, halafu naona aibu, ingawa sijui namwonea nani.

Mwaka jana nilikwenda kuuchukua udi. Mama Mkubwa aliufunga kwa khanga mbili juu ya foronya, na nilipokuwa nakaza fundo nikamuuliza, hatimaye, kwa nini ami aliacha kupiga siku ile.

Akanitazama kama mtu anayetafuta utani usoni kwangu. Akaketi. Akaniambia kwamba mwaka mmoja kabla sijamaliza chuo ami alipimwa na daktari wa masikio, akaambiwa kelele za mashine za mkonge zilimla sauti za juu zote, amebakiwa na za chini. Alimkataza mkewe asiniambie, nisije nikaacha kumpigia filimbi. Filimbi yangu, kuanzia pale nilipoipandisha, hakuwahi kuisikia hata siku moja. Mwezi mzima ule alikuwa akifuata vidole na mabega yangu.