Gitaa Lililouzwa Pamoja na Mabeseni

Kuna watu wakipewa zawadi hulia kwa furaha. Mama Mvuke alipopewa yake nusura alie kwa ghadhabu, na kilichomzuia ni kwamba aliyempa alikuwa mkwewe, na mkwe wa kiume hagombezwi hata akikukanyaga.

Ilikuwa Jumapili, baada ya chakula cha mchana. Binti yake wa pekee na mumewe walikuja kumtazama kama ilivyo kawaida yao, ila safari hii mkwe aliingia na kasha jeusi refu, akaliweka juu ya meza, akafungua vibanio vyake kimoja kimoja. Ndani, juu ya kitambaa laini chekundu, lilikuwa limelala gitaa. Mbao zake ziling'aa hata ukijiangalia unaona matundu ya pua, na kichwani palikuwa na jina la mtengenezaji kwa herufi za dhahabu.

"Hili ni lako, mama," mkwe akasema. "Na lile jingine usilitafute tena. Nililichukua mimi Ijumaa, kwa ule ufunguo wa akiba. Nikampa mlinzi wa ofisini kwetu."

Alisema hivyo huku akimtupia mkewe jicho.

Mama Mvuke alihisi damu inampanda kichwani. Siku mbili nzima alikuwa akilitafuta gitaa lake. Chini ya kitanda alichungulia mara nne. Jirani wa mlango wa pili, mama wa watu, alikuwa amekaziwa macho mpaka akaacha kutoa salamu. Kumbe mwizi ndiye huyu aliyekaa hapa na tai shingoni, anasubiri ashukuriwe!

"Ahsante, baba," akasema. "Mungu akuzidishie."

"Sasa una gitaa la heshima, mama," binti akaongeza, akaanza kukusanya vyombo.

Kwa asiyemjua, Mama Mvuke alikuwa mpiga pasi katika chumba cha kufulia cha hospitali. Miaka ishirini na sita alikuwa akiilisha mashuka mashine yenye rola mbili za chuma cha moto zinazozunguka, na jina lake halisi lilibaki kwenye karatasi za mshahara tu. Mwaka wake wa sita pale, mashine hiyo ilivuta shuka na mkono wake wa kushoto pamoja. Kidole cha pete kilibaki kisiki, na cha kati tangu siku hiyo hakikunjiki. Hospitali ilimpa wiki sita za mapumziko na barua ya kumtaka awe mwangalifu zaidi. Barua! Hata leo ukitaka kumkumbusha barua hiyo, simama karibu na mlango kwanza.

Katika wiki hizo sita ndipo aliponunua gitaa. Alikuwa akipiga tangu usichana wake, magitaa ya kuazima, na sasa daktari alikuwa amemwambia asahau habari hizo, atafute kitu kingine cha kujiliwaza, kwa mfano kuimba. Alitoka kwa daktari amefura. Akapita kwenye duka linalouza mabeseni, ndoo na madaftari, na katikati ya mifagio akaliona gitaa moja la plaiwudi linaning'inia. Akalichukua hilo hilo.

Tuseme ukweli, lilikuwa gitaa baya. Nyuzi zilikaa juu mno, na ukilipiga lilitoa sauti ya debe. Lakini kwa kuwa lilikuwa rahisi, hakuliogopa. Jumapili tatu mfululizo alikaa chini na kipande cha chupa na msasa, akaikwangua shingo yake kwa nyuma mpaka ikawa nyembamba, kiasi cha kidole gumba kuizunguka na kuubana uzi wa juu. Gumba likashika kazi ya kidole kilichokatika. Mahali nyuzi zilipopitia akapachonga kwa kisu cha jikoni, zikashuka. Nani angethubutu kulifanyia hivyo gitaa la bei mbaya? Gitaa la bei mbaya halikutumikii, wewe ndiye unayelitumikia. Lake lilining'inia msumarini nyuma ya mlango, bila kasha wala hirizi. Alilipiga chungu kikichemka, alilipiga akisubiri nguo zikauke, na miaka ishirini lilimpa raha ambayo hakuna daktari aliyewahi kumwandikia.

Na kwa nini hasira ilikuwa kubwa kiasi hicho wiki ile? Kwa sababu Jumamosi shoga yake alikuwa anastaafu. Huyu alikuwa mkunjaji wa mashuka, amesimama naye meza moja miaka yote, na ndiye aliyerukia kitufe chekundu siku ile mashine ilipomeza mkono. Angechelewa kidogo tu, Mama Mvuke asingebaki na hata kidole kimoja. Alikuwa amemwahidi wimbo wa kumuaga, ametunga maneno yake kwa miezi, na hakuwa mtu wa kuvunja ahadi.

Jumatatu akalibeba gitaa jipya kwenda nalo kazini akajifunze kulizoea. Ndani ya kasha mlikuwa na karatasi ya maelekezo: lisiwekwe penye joto, lisiwekwe penye unyevu. Chumba cha kufulia kina nini kingine? Ikabidi akakae uani, karibu na mapipa ya taka, kwa ajili ya afya ya gitaa. Wenzake walitoka kuja kutazama, wote wamefunga mikono nyuma, kama wamekuja kuona mtoto wa mkubwa fulani. Hakuna aliyeomba kulishika.

Akaanza kupiga. Shingo ilikuwa nene, gumba halikufika. Uzi wa juu ukanguruma ovyo. Akarudia Jumanne, akarudia Jumatano, mpaka kisiki kikavimba na kuwa chekundu. Msimamizi wa zamu akapita na daftari lake kwapani, akasikiliza kidogo.

"Gitaa lenyewe ni la hali ya juu, mama," akasema. "Labda ni mkono. Na umri nao, unajua tena."

Mkono! Mkono ule ule aliousikia ukipiga miaka yote bila kulalamika! Herufi tano sita za dhahabu zimemziba masikio, ghafla gitaa halina kosa, mwenye kosa ni mtu.

"Nina jibu," Mama Mvuke akamwambia, "lakini bado nataka kazi."

Kilichomkata maini zaidi alikisema mkunjaji mwenyewe, akimpokea ncha ya shuka. "Dada, acha tu. Nitaondoka hivyo hivyo. Sina kinyongo."

"Huondoki hivyo hivyo. Utaondoka na wimbo wako, hata kama nitakwenda kumnyang'anya mtu."

Alhamisi akaomba ruhusa ya nusu siku, akabeba kasha, akaenda ofisini kwa mkwewe. Njia nzima alipanga maneno mazito, kisha akayapangua, kwa sababu hakuna hata moja ambalo mtu anaweza kumwambia mkwe.

Mlinzi alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya geti, na gitaa la plaiwudi liko mapajani. Alikuwa akilipiga taratibu, amefumba macho, na raha yake ilionekana tangu barabarani. Kumwona hivyo kulimchoma Mama Mvuke kifuani.

"Shikamoo, mama," mlinzi akasema, akasimama haraka.

"Marahaba. Gitaa hilo umelipata wapi?"

"Nimepewa, mama. Sikuiba."

"Najua hukuiba. Bosi wako alikupa lini?"

"Si bosi, mama. Ni mkewe. Alilileta mwenyewe Ijumaa asubuhi, amelifunga kwenye shuka. Akasema nikae nalo, ila akija mama mmoja mwenye kidole kilichokatika nimwambie limeshauz..." Macho yake yalikuwa yameteremka kwenye mkono ulioshika kasha. "Yarabi," akasema, akafunga mdomo.

Mama Mvuke akaliweka kasha chini. Kisha akasema kwa sauti ndogo iliyomtisha mlinzi kuliko kelele, "Niitie bosi wako."

Mkwe akashuka ngazi mbiombio. Alipoona magitaa mawili mahali pamoja, akajua mambo yameharibika.

"Ni kweli haya?" Mama Mvuke akamuuliza.

"Mama, twende ndani tukae..."

"Nimeuliza."

"Ni kweli." Akaanza kuichezea tai yake. "Aliniomba nikubali kwamba ni mimi. Alisema mimi huwezi kunigombeza."

"Basi leo nitakugombeza!" Watu wawili waliokuwa wakipita wakasimama. "Mwanaume mzima unabebeshwa uongo kama mfuko wa sokoni, nawe unaubeba! Jirani yangu hanisalimii! Mkono wangu umevimba! Umenikalisha kwenye mapipa wiki nzima nakuombea dua!"

"Nisamehe, mama. Lakini gitaa nililichagua kwa moyo mmoja. Nilifikiri unapata tabu na lile. Nimelifikiria mwaka mzima."

"Mwaka mzima umefikiria, na siku moja ya kuniuliza hukuipata."

Kwa hilo mkwe alikuwa mkweli, ilionekana usoni, na hilo lilimuudhi zaidi, maana mtu mkweli hana pa kumshika ukamtikisa. Akamgeukia mlinzi, akamsogezea kasha.

"Chukua hili. Nipe langu."

Mlinzi akaruka nyuma. "La, mama! Mimi na gitaa hilo getini? Kesho niko rumande. Hili naliegemeza ukutani, gari likipiga honi nakimbia kufungua. Hilo nani atanishikia? Itabidi niajiri mlinzi wa gitaa." Akalitazama la plaiwudi kwa huruma, akaipapasa shingo yake, kisha akalinyoosha mbele kwa mikono miwili. "Lako ni hili. Nilikuwa nalipenda, shingo yake inakaa mkononi vizuri."

"Nitakutafutia la aina hiyo hiyo," Mama Mvuke akasema, "na nitakuja mwenyewe kukukwangulia."

Akalitia gitaa lake kwapani, akaondoka. Kasha jeusi akaliacha miguuni pa mkwe, pale pale kwenye vumbi.

Binti yake alikuwa mwalimu, na saa hizo alikuwa ameshatoka shule, yuko sebuleni kwake anasahihisha madaftari. Mama Mvuke aliingia bila hodi. Binti akaliona gitaa, kalamu ikamtoka mkononi.

"Mama, kaa kwanza."

"Sikai. Nataka kujua kwa nini."

Binti aliyapanga madaftari, akayapangua. "Ukipiga, watu hawakusikilizi, mama. Wanaangalia kidole. Tangu nikiwa shule ilikuwa hivyo, wenzangu walikuwa wanakuigiza mbele yangu wakikunja vidole. Jumamosi watakuwepo wakubwa wote wa hospitali, na sisi tumealikwa. Nilitaka ukae kwenye kiti kama watu wengine, ule, upige makofi, uheshimiwe."

"Na hili gitaa lenye dhahabu?"

"Lilikuwa wazo la mume wangu. Kweli alitaka kukufurahisha. Mimi niliona tu kwamba..."

"Uliona kwamba sitaweza kulipiga."

Binti akainamisha kichwa.

Hapo ndipo hasira ya Mama Mvuke ilipopata mahali pake. Ile ya mkwe, ya msimamizi, hata ya barua, zote zilikuwa ndogo mbele ya hii.

"Ulikuwa na miaka tisa," akasema. "Nilipokuwa naikwangua shingo hii kwa kipande cha chupa, nani alilikalia gitaa lisisogee? Nani alinipima gumba kwa uzi wa kushonea, akaniambia bado kidogo, mama, bado kidogo? Mkwe wangu hajui kwa nini shingo hii iko hivi. Msimamizi hajui. Duniani anayejua ni mtu mmoja. Nikidhulumiwa na asiyejua nitasema hakujua. Wewe ulijua!"

Binti alikuwa analia, machozi yanadondokea madaftari ya watoto wa watu. Mama Mvuke aliutazama mkono wake mwenyewe ukitaka kwenda kumshika bega. Akaurudisha.

"Jumamosi saa nane," akasema akiwa mlangoni. "Usipokuja, sitakufuata. Ukija, kaa mbele, uangalie hicho kidole mpaka ushibe."

Jumamosi bwalo la hospitali lilijaa. Wakubwa walihutubia kwa zamu, msimamizi akasoma barua ya shukrani, kisha Mama Mvuke akaitwa. Alikwenda mbele na gitaa lake la plaiwudi, akavuta kiti, akainua mkono wa kushoto ili kila mtu auone vizuri, kisha akauweka shingoni. Gumba likazunguka na kubana.

Alipiga kwa hasira, na hakukosea hata mahali pamoja. Aliimba mkunjaji alivyogombana na mashuka yasiyo na pembe, alivyomficha paka kwenye kapu la nguo chafu mpaka mkaguzi akamkalia, na watu wakacheka hadi wakaegemeana. Alipofika kwenye ubeti wa kitufe chekundu, kicheko kikakatika. Mkunjaji akajifunika uso kwa leso.

Binti alikuwa amekuja. Alikaa mstari wa mbele na mumewe, na tangu mwanzo hadi mwisho hakuyaondoa macho kwenye kile kidole. Wimbo ulipokwisha, bwalo zima lilisimama. Mkunjaji alikuwa anakuja mbio amefungua mikono, na Mama Mvuke alitaka mikono yake iwe mitupu amkumbatie. Binti akawahi kusogea mbele, akanyoosha mikono yote miwili ampokee gitaa.

Mama Mvuke akampita.

"Nishikie, baba," akamwambia mkwewe, akamwekea gitaa mikononi, akaenda kukumbatiana na shoga yake. Mkwe alilishika kwa woga, hajui aanzie wapi, na mkewe akabaki amesimama kando yake, mikono bado iko mbele.