Chungu cha Malewa, Mkono Mmoja

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa chumvi kwa jirani, niliijua harufu ya Mbale kabla sijaijua Mbale yenyewe. Ilitufikia Jinja ndani ya mfuko wa sukari, mikononi mwa yeyote aliyekuwa akitoka huko: mafungu ya malewa, yale machipukizi ya mianzi ya mlimani, yaliyokaushwa juu ya moshi mpaka yakawa meusi na magumu. Mama alipoufungua ule mfuko, uwanja mzima wa nyumba za askari magereza ulinuka moshi. Watoto wa majirani, wengi wao watu wa Kaskazini, walitucheka kwamba Wagisu tunakula kuni. Baba, askari magereza mwenyewe, aliwajibu kwamba kuni hizo ndizo zilizomrefusha akawapita baba zao wote.

Mama hakuwa Mgisu. Alikuwa Msoga wa Buwenge, binti wa viazi vitamu, na siku ya kwanza kuwekewa malewa alidhani wakwe zake wanamtania. Lakini alimpenda Baba, akajifunza kuyala, kisha akajifunza kuyapika. Mwalimu wake alikuwa Kukhu, ndivyo tunavyomwita bibi kwetu, mama yake Baba, aliyekaa Nabuyonga pale Mbale.

Kukhu aliwahi kuwa mke wa askari, akakaa kambini miaka mingi. Hakujua Kisoga, na Mama hakujua Kigisu, kwa hiyo walikutana kwenye Kiswahili, ambacho wote wawili walikiokota kambini. Kilikuwa Kiswahili cha kuamrishana. Nadhani hilo liliwaumiza kuliko walivyojua, maana hakuna hata mmoja aliyekuwa na maneno laini ya kumpa mwenzake.

Malewa yana kazi. Unayaloweka yalale, unayachemsha na maji yaliyochujwa kwenye majivu ya maganda ya ndizi mpaka yalainike, kisha unatia karanga zilizosagwa. Hapo ndipo penye matata. Karanga zikianza kuchemka lazima ukoroge bila kupumzika, la sivyo zinapanda na kumwagikia motoni. Na hapo ndipo Kukhu alipoweka sheria yake.

"Malewa iko na wivu," alimwambia Mama. "Inataka mkono moja tu. Wewe naanza, wewe namaliza. Mtu ingine akishika mwiko katikati, mtu moja ya hii nyumba hatakula hii chakula."

"Na mkono ikichoka?" Mama aliuliza.

"Ichoke."

Mama alicheka. Kukhu hakucheka.

Krismasi moja tulitangulia Mbale, mimi na Mama, Baba akabaki Jinja kumaliza zamu. Angefika mchana wa mkesha. Asubuhi ile Kukhu alimwambia Mama apike malewa, yaliyokuwa yamelowekwa tangu jana, ya kumpokea mumewe, na halikuwa jambo dogo. Siku zote chungu cha sikukuu katika nyumba ile kilipikwa na Kukhu mwenyewe, na shangazi zangu walikuwa barazani wakisubiri kuona Msoga ataharibu nini. Mama alifunga kitambaa kichwani kama mtu anayekwenda kufanya mtihani. Mimi nilikaa pembeni ya jiko nikiwa nimeshika bakuli la karanga, nikijiona mtu mkubwa.

Alikoroga vizuri. Nakumbuka jinsi mchuzi ulivyogeuka rangi, ukawa mzito, na mapovu yakaanza kupanda ukingoni. Mama aliinama kuvuta ukuni mmoja nje ili moto upungue, mkono mmoja ukiwa bado kwenye mwiko. Kukhu alikuwa nyuma yake.

"Inamwagika! Lete!"

Akamnyang'anya. Hakuna neno lingine la kulieleza. Aliuchomoa mwiko mkononi mwa Mama, akakoroga kwa nguvu, na mapovu yakashuka. Kisha akasimama ghafla, mwiko ukiwa ndani ya chungu, akautazama mkono wake mwenyewe. Mama naye aliutazama.

"Shika," Kukhu alisema akimrudishia. "Haiko kitu."

Mama akaendelea kukoroga mpaka mwisho. Chakula kikaiva, kikafunikwa kwa majani ya ndizi, tukaketi kumsubiri Baba.

Aliyekuja, jua likielekea kuzama, ni mwanamume mwenye sare ya magereza, kofia ikiwa mkononi. Alisimama mlangoni akashindwa kuchagua azungumze na nani. "Mimi niko mwenzake na Afande Mafabi," alisema, akimtaja Baba, na Mama akakaa chini kabla hajasikia yaliyobaki. Taksi aliyopanda Baba ilikuwa imegongana na lori la miwa, mbele kidogo ya Iganga.

Malewa yale hayakuliwa na mtu. Kesho yake niliona shangazi mmoja akiyamwaga migombani, na mchuzi ulikuwa umeganda ukifuata umbo la chungu. Sijui kwa nini hilo ndilo lililoniliza, kwa maana kabla ya hapo nilikuwa sijalia.

Msiba ukajaa watu. Siku moja baada ya mazishi, wanawake wameketi kwenye mikeka, shangazi mkubwa aliuliza, kama anauliza habari za mvua, ni nani aliyepika chakula cha kumpokea marehemu. Wote walijua ni Mama, na sheria ya mkono mmoja waliijua. Walimtazama Kukhu. Nami niliamini atasema kweli, kwa sababu nilikuwa katika umri wa kuamini kwamba wazee husema kweli.

"Nilimuambia huyu," alisema. "Mkono moja. Yeye naachia mwiko."

Nilifungua mdomo. Mama, bila kunitazama, alinibana goti kwa nguvu hata nikasikia maumivu. Alikuwa amemkazia Kukhu macho. Hakuwa na hasira usoni, na hilo lilinitisha zaidi. Kisha akainamisha kichwa, na pale mkekani ikawa kama amekiri.

Hakuna aliyemfukuza Mama, waungwana hawafukuzi. Ila chumba alichoahidiwa Nabuyonga kilipata mtu mwingine, na nyumba ya serikali kule Jinja ilikuwa ya Baba, sio yetu. Akarudi Buwenge kwa kaka yake. Siku za soko aliuza viazi vya kuchemsha, na jina likamfuata hata huko, kwa maana maneno hupanda taksi kama watu. Mwanamke aliyeachia mwiko. Alikuwa bado kijana na mzuri, na hakuolewa tena.

Mimi nilipelekwa kwa Kukhu kila likizo. Nitasema kweli, alinipenda. Alinipa kipande cha nyama cha kwanza, alinisuka nywele. Lakini malewa hayakuingia tena nyumbani kwake. Wauzaji waliposhuka kutoka mlimani wakipita mlango kwa mlango na mafungu yao, alifunga mlango. Akiulizwa alisema tumbo lake limeyakataa. Miaka mingi nilidhani ni uchungu wa mwanawe tu.

Sasa nafundisha shule hapa Mbale, na ni mimi niliyemuuguza mwaka alipoanza kuisha. Siku moja alinishika mkono akasema, "Muambie mama yako akuje. Apike malewa."

Sikutegemea kwamba Mama atakubali. Alikuja na basi la asubuhi, na gunia dogo la viazi kama mgeni mwenye adabu. Shangazi zangu wawili walikuwa barazani, wakaitikia salamu yake kwa pua. Aliingia moja kwa moja jikoni, jiko lile lile. Kukhu aliomba tumketishe karibu na moto, tukamfunika shuka.

Mama aliloweka, akachemsha, akachuja. Kazi hiyo ilichukua mpaka kesho yake na wote wawili wakaivumilia. Karanga zilipoanza kupanda, Mama aliinama, akavuta ukuni nje. Kisha aligeuka na kumnyooshea Kukhu mwiko.

"Mama, shika."

Kukhu aliingiza mikono yake ndani ya shuka. "Hapana," alisema. "Hapana. Ilikuwa mkono yangu."

Mama aliurudisha mwiko chunguni kwa sababu mchuzi ulikuwa unapanda, na akasema huku akikoroga, mgongo umemwelekea:

"Ilikuwa lori, Mama."

Kukhu alilia. Mama hakugeuka mpaka chakula kilipoiva. Alimlisha mwenyewe, kidogo kidogo kwa vidole, na Kukhu akalalamika kwamba chumvi haitoshi. Yeye Mama hakuonja. Usiku nilimuuliza ni kwa nini alinyamaza siku ile ya mkekani, wakati ukweli alikuwa nao na shahidi alikuwepo.

"Ningempa yeye hiyo kitu abebe?" alisema. "Alikuwa ametoka kuzika mtoto. Mimi nilikuwa bado na wewe."

Kukhu alifariki siku chache baadaye. Alichokisema jikoni tulikisikia watatu tu, mimi, Mama na yeye mwenyewe, naye ameenda. Msibani niliwaeleza shangazi zangu, neno kwa neno. Walinisikiliza kwa upole, wakasema mgonjwa husema mengi, na kwamba ni jambo zuri binti kumtetea mama yake. Mama alikaa mwisho kabisa wa mkeka. Wanawake wakipita walisogeza watoto wao.

Nimelifikiria sana jambo hili, na sioni kwamba chungu kilimuua Baba. Nimesoma, najua barabara ile, najua malori ya miwa. Lakini siwezi kusema utabiri wa Kukhu haukutimia. Alisema mtu mmoja wa nyumba ile hatakula chakula kile, na mpaka leo Mama hali malewa.

Nayapika mimi, sikukuu, kwa karanga na ndizi, na Mama akiwepo namchemshia viazi. Binti yangu amefikia umri wa kutaka kusaidia. Karanga zikipanda ananyoosha mkono, "Mama, nipe na mimi," na anaona nasita. Anadhani naogopa ataungua. Ninachoogopa ni kwamba siku moja mtu atakufa nyumbani mwetu, kama watu wanavyokufa, na kutakuwa na mkeka, na mtu atauliza ni nani aliyepika.

Namwambia alete chumvi. Mwiko naushika mwenyewe mpaka mwisho.