Mke Wangu Anadhani Nilikuwa Natania

Admin, nifichie jina. Newala ni ndogo, na wakwe zangu wako Masasi, sitaki aibu hii iwafikie.

Mimi ni baba wa miaka arobaini na sita, mkulima wa korosho, mke mmoja, watoto wanne. Wivu ninao, sikatai. Mama Zaina nimeishi naye miaka kumi na tisa, nilidhani nakijua kicheko chake.

Msimu huu, kila alasiri wakimaliza kuokota korosho, akawa anachelewa kurudi. Akija ana mchanga mwekundu mpaka kwenye nywele, na anaimba. Nikimuuliza, "Tulikuwa tunacheza." Mama wa watoto wanne anacheza nini? Mimi jioni ananipakulia ugali wa muhogo, "Chakula hicho," basi. Roho ikaniuma sana.

Jana nikamfuata. Nikawakuta kwenye uwanja wa kuanikia korosho, wanawake watu wazima wanacheza rede, ule mchezo wa mabinti wa shule: wawili wanarusha mpira wa matambara, mmoja katikati anakwepa huku anajaza mchanga kwenye chupa. Katikati alikuwa mke wangu, kanga kiunoni, anacheka mpaka anashika tumbo. Na mmoja wa warushaji alikuwa mwanaume, Baba Somoe. Anampigia kelele, "Mke wangu, leo nakulenga!"

Baba Somoe ni mtani wetu, ukoo kwa ukoo. Kwa mila zetu mtani anaruhusiwa kumwita mkeo mke wake, na ukikasirika aibu ni yako. Najua. Lakini ule mpira niliutambua: umefungwa kwa shati langu la bluu nililolitafuta mwezi mzima! Nikaingia uwanjani, nikampokonya. "Huyu ni mke wangu, siyo wako! Mwite tena hivyo nikuvunje meno!"

Wote wakaangua kicheko. Baba Somoe akajitupa chini, kashika mdomo. "Nihurumieni jamani, meno yangu!" Walidhani namtania.

Njiani Mama Zaina akanishika mkono. "Baba Zaina, leo umenifurahisha. Nilidhani wewe michezo huitaki, ndiyo maana sikukuita. Kesho uje, nimekuwekea zamu." Usiku ule alikaa tukala pamoja, akawa anarudia maneno yangu kwa kuigiza sauti yangu, anacheka. Kicheko kilekile nilichokuwa nakionea wivu, na safari hii nilichekewa mimi.

Jamani, sikuwa natania hata kidogo. Mpaka sasa nikimfikiria Baba Somoe na ule mpira moyo unawaka. Alasiri ndiyo hii, mke wangu ameshaniita mara mbili, bukta ameniwekea kitandani. Nishaurini haraka: nimwambie ukweli, au nikasimame katikati nilengwe na shati langu mwenyewe?