Mfereji wa Babu na Majaji wa Marekani

Siku moja ningali naikumbuka, mwanangu, wala haikuwa siku kubwa. Nimekuona na kitabu chako cha serikali ya Marekani, unakariri Rais, Bunge, Mahakama, ndiyo ikanirudia. Mimi shule niliiachia darasa la nne, basi nivumilie nikizunguka.

Hapa Lukozi maji ya kumwagilia yanashuka kwa mfereji, na kila shamba lina zamu yake. Enzi zile babu yangu ndiye aliyegawa maji. Ugomvi ukitokea hakuamua yeye. Alikuwepo mzee mwingine wa kusikiliza mashauri. Mzee yule akafariki, tena kiangazi, miche yetu ya kabichi imeinamisha vichwa. Kabichi za siku hizo, lo, zilikuwa ngumu kama jiwe, si hizi za sasa. Watu wakamwambia babu, "Shika na mashauri pia, wewe ni mwaminifu." Nyumbani tukashangilia. Nani tena angetunyima maji?

Dada yangu Ruthi alikuwa amerudi likizo kutoka chuo cha ualimu, naye alisoma mambo hayohayo unayosoma wewe. Babu alipenda kumchokoza.

"Hao majaji wa Marekani, Rais akiwachukia anawafukuza?"

"Hawezi, babu. Yeye anawateua, Seneti inawakubali, basi. Akivunja sheria, hata yeye wanamwambia hapana."

"Wanajisumbua kweli! Kwa nini?"

Ruthi alikuwa anapalilia. Akasimamisha jembe. "Hapo nilipapita tu kitabuni," akasema taratibu. "Babu, ukinikatia zamu yangu, nikakushtaki wapi?"

"Kwangu," babu akacheka. Kisha kicheko kikakatika.

Mama akadakia: "We Ruthi! Hiyo Marekani yako itatukaushia miche!"

Na kweli ilikauka, karibu nusu. Babu alikataa kushika mashauri, na hadi watu walipokubaliana juu ya mwamuzi, wenye mashamba ya juu walikuwa wanavutana na maji hayatufikii. Akachaguliwa bibi mmoja wa ng'ambo ya bonde, wala hakuwa rafiki wa nyumba yetu. Shauri lake la kwanza, unajua lilikuwa la nani? La babu! Babu alituongezea maji kidogo nje ya zamu yetu, akiihurumia miche iliyobaki. Bibi akamwamuru azibue mfereji peke yake, tangu chanzo hadi bondeni.

Alirudi na matope hadi magotini. Ruthi akampa chai.

"Mjukuu wangu, mahakama yako inauma." Akanywa. "Ila kesho nikigawa maji, hakuna atakayeninong'ona."

Kwa hiyo, mwanangu, usikariri vyeo tu. Kila ukifika penye mamlaka ya mtu, weka kidole hapo ujiulize: huyu akinionea, nitakwenda kwa nani? Jiulize kwa Rais wao, kwa mwenyekiti wetu wa kijiji, na zaidi kwako mwenyewe siku utakapopewa cheo. Hata ukiwa mwaminifu; babu naye alikuwa mwaminifu.

Mungu akufungulie akili kama maji ya zamu ya asubuhi. Na siku utakapokosea, akupe mtu wa kukuambia, na wewe akupe masikio.